Kiti cha Fundi Vioo

Mimi ni msuka viti. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nilikwenda kwenye ile nyumba kwa sababu ya vitabu. Vitabu nimesoma vichache, na hivyo vichache nilivisoma nikisubiri gundi ikauke. Shule niliiacha darasa la nne nikashika henzerani, yale mafito membamba yanayolowekwa majini mpaka yanalegea kama uzi, kisha yanasukwa kuwa kikalio cha kiti. Tangu hapo natembea. Mji huu miezi miwili, mji ule mwaka, begani fungu la henzerani, mkononi ndoo ya bati. Mama yetu alikuwa akisema, huyu nilimzaa njiani, ndiyo maana hatulii.

Nataka kueleza habari za shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Sidhani kama kuna mwingine atakayezieleza, maana watu wakiingia ile nyumba hutazama juu kwenye picha za mwandishi aliyeishi humo, na yeye siku zote alikuwa chini, na tambara.

Alimtumikia yule mwandishi miaka ishirini na saba. Alipika, alifua, alipokea wageni, na wale wasiotakiwa aliwaambia bwana amesafiri, huku bwana anakohoa chumba cha pili. Mdogo wangu yeye alikuwa fundi vioo. Walijuana kwa sababu ya dirisha la jikoni lililovunjwa kwa mpira. Aliitwa aweke kioo, akaja akapima. Kesho yake akaja kupima tena. Siku ya tatu alipotoa futi yake shemeji akamuuliza, "Fundi, hili dirisha linakua, au?" Wakaoana mwaka huo huo.

Nyumba hiyo hiyo ndiyo iliyomwangusha baadaye. Alikuwa juu ya ngazi anabadilisha vioo vya ghorofani, ngazi ikateleza, nyonga ya kulia ikavunjika na haikuunga vizuri. Kazi ikaishia hapo. Mwandishi akawapa chumba cha nyuma, kile kinachopakana na jikoni, akasema, nyumba iliyomvunja mtu na imlee. Hilo nalimsifia mpaka leo, ingawa vitabu vyake vilinishinda.

Ndipo nikamtengenezea mdogo wangu kiti. Mbao zake nilizipata kwa kinyozi aliyefunga kazi. Kilikuwa kiti cha wateja kusubiria, kina mikono miwili na mgongo mrefu. Nikakata miguu kidogo, nikasuka kikalio upya. Kwa kuwa nyonga ya kulia ilimuuma, alikuwa akielemea kushoto, basi upande wa kushoto nikapitisha nyuzi mbili mbili ili usilegee. Upande wa kulia moja moja, kama kawaida. Nikamwambia, "Kaa nikuone." Akakaa, akacheka, akasema, "Kaka, sasa mimi ni waziri." Nikamuahidi nitarudi baada ya miezi mitatu kukikaza.

Nilirudi baada ya miaka kumi na moja.

Sina cha kujitetea. Simu nilikuwa nazo, nikazipoteza. Habari ya msiba wake ilinikuta mbali, imeshachelewa mwaka mzima. Mtu akikosa mazishi huona aibu, na ile aibu humchelewesha tena. Ndivyo ilivyokuwa kwangu, mwaka ukavuta mwaka. Nilipopata moyo wa kwenda kumpa shemeji pole, mwandishi naye alikuwa amekufa zamani, na getini kumewekwa kibao kwamba nyumba ni makumbusho, wazi siku zote isipokuwa Jumatatu.

Mlangoni alikaa mama mmoja mnene, miwani imening'inia kwa kamba, na fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Baadaye nilijua kwamba ni mwalimu mstaafu, na kwamba ndiye msimamizi, ndiye karani, na ndiye anayetembeza wageni. Kila mtu alimwita Mwalimu.

"Shikamoo mzee, karibu."

"Marahaba. Mwanangu, namtafuta..."

"Wazee hawalipi. Ingia haraka, nimeshaanza."

Mwalimu ni mwalimu tu, hata akistaafu. Nikaingia, nikapanga mstari nyuma ya wageni wanne. Tukaonyeshwa miwani ya mwandishi ndani ya kioo, mwavuli wake, na mashine yake ya kupigia chapa iliyokuwa haina utepe. Tukapelekwa chumba cha mbele. Palikuwa na meza, kamba nyekundu, na nyuma ya kamba kiti.

Kiti unachokisuka kwa mikono yako unakisahau, usidanganyike, nimesuka mamia na nimesahau mamia. Lakini kile nilikijua kabla sijavuka kizingiti.

"Hapa," alisema Mwalimu, akishusha sauti, "ndipo alipokaa kuandika vitabu vyote mnavyovijua. Sasa tazameni kikalio." Ncha ya fimbo ikasimama karibu bila kugusa. "Upande wa kushoto, nyuzi mbili mbili. Upande wa kulia, moja moja. Kwa nini?"

Hakuna aliyejibu. Mimi jibu nilikuwa nalo, ila darasani nilizoea kunyamaza.

"Kwa sababu aliandika kwa mkono wa kushoto! Mwili wake ulielemea huko. Na fundi wake alikuwa mtu wa kusoma watu. Mafundi kama hao siku hizi hamna."

Maisha yangu yote sikuwahi kusifiwa mbele za watu, na siku niliposifiwa nilitamani sakafu inimeze. Nikapiga goti kutazama chini ya kiti. Fundo langu nalifunga mara mbili kisha nakata kwa meno, na kwa kuwa meno yangu ya mbele yana pengo, ncha hubaki na kinywele katikati. Kinywele kilikuwepo. Kikalio chenyewe kilikuwa kimepasuka upande wa kulia, nyuzi zimening'inia.

"Mzee! Hakiguswi hicho!"

"Mwache, Mwalimu," sauti ikasema mlangoni. "Mzee wa watu ameangusha kitu."

Alikuwa shemeji. Alikuwa na tambara mkononi, na amekonda mpaka aproni imemzunguka karibu mara mbili. Akanitazama, na macho yake yakaniomba ninyamaze. Nikanyamaza. Nikainuka, nikasema nimeshakiona nilichoangusha.

Wageni walipoondoka nilizunguka nyuma nikagonga chumba chake. Akanipa kitanda nikae, yeye akakalia ndoo aliyoigeuza. Miguu yake ilikuwa imevimba kama mkate. Akamimina chai, mimi kikombe, yeye kifuniko cha chupa.

"Shemeji, pole," nikasema. Neno nililolibeba miaka yote ile, likatoka dogo hivyo.

"Nimepoa. Alikungoja, unajua? Akisikia bati linagonga huko barabarani anasema, huyo kaka na ndoo yake. Namwambia, huyo ni muuza maziwa. Ananiambia, nenda tu ukatazame." Akanywa chai. "Nilikuwa naenda. Miaka sita naenda kumtazama muuza maziwa, mpaka yule baba akaanza kudhani namtaka."

Tukacheka, kisha hatukucheka tena.

Nikamuuliza kiti kimefikaje kule mbele. Akaniambia yote, na mimi nayaandika kama alivyoyasema.

Mwandishi alipokufa, wapwa zake walikuja na gari wakabeba kila kitu, mpaka vitasa vya milango. Waliacha vile vilivyokuwa na vumbi jingi. Baada ya mwezi wakaja maofisa wawili na karatasi, wanataka kufanya nyumba kuwa makumbusho.

"Wakaniuliza, mama, kiko wapi kiti alichokuwa akikalia kuandika? Nikawaambia hakuwa nacho. Bwana alikuwa anaandika amesimama, pale jikoni dirishani, daftari juu ya kabati la vyombo, kama mtu anayepiga pasi. Akikaa anasinzia. Wakatazamana. Yule mwenye karatasi akasema, mama, hebu kumbuka vizuri. Nikakumbuka, nikawaambia vile vile. Akaniuliza mara ya tatu, sasa kama anasema na mtoto: mama, mwandishi mkubwa hawezi kukosa kiti. Kama kiti hakuna, sisi tutaonyesha nini? Nyumba itauzwa."

"Ukafanyaje?"

"Mdogo wako amefia chumba hiki, shemeji. Wewe umekalia hapo hapo alipolala. Nikaingia, nikakibeba kile kiti, nikawatolea. Nikasema, hiki hapa."

"Wakasemaje?"

"Walivua kofia."

Akatikisa kichwa. Hakujivunia hata kidogo. Uongo wake mmoja huo, nadhani, ukiacha wale wageni wasiotakiwa.

"Na siku hizi unakipangusa," nikasema.

"Kila asubuhi. Nakipangusa na kupanga kamba."

"Hukikalii? Asubuhi uko peke yako, nani atakuona?"

Akanitazama kama niliyetukana. "Nilikitoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikikikalia kwa kuvizia nitakuwa mwizi, tena mwizi wa kiti changu. Watanicheka hata panya."

Kisha akanieleza kilichokuwa kikimnyima usingizi. Mwezi uliopita mgeni mmoja mwenye mwili alivuka kamba na kujitupa kitini wakati Mwalimu amegeukia picha. Ndipo kulia kukapasuka. Sasa maofisa wameandika barua: Jumatatu gari litakuja kukichukua, kipelekwe kwa mtaalamu mji mkuu, kikalio king'olewe chote, kisukwe kipya.

"Kitarudi kimekaza kama ngoma, kushoto na kulia sawasawa," alisema. "Picha hatukupiga, shemeji. Nguo zake niligawa. Futi yake walibeba wapwa. Kilichobaki cha kuonyesha kwamba alikuwepo, kwamba alikuwa akielemea hivi, ni zile nyuzi zako mbili mbili."

"Basi tumwambie Mwalimu ukweli."

"Ukimwambia, atalazimika kuandika. Akiandika, watafunga. Miguu hii nitaipeleka wapi? Daktari amesema moyo umechoka. Nikamwambia, kwa miaka yote hiyo, ungekuwa wewe ungeshalala kazini." Akaweka kifuniko chini. "Na yeye Mwalimu je? Kile kiti anakiamkia asubuhi, nimemsikia kwa masikio yangu. Nitamnyang'anya mtu kitu anachokiamkia?"

Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Alifikiri muda mrefu, kama mtu ambaye hajazoea swali hilo.

"Kushoto kusiguswe," alisema. "Na mimi nikikalie mara moja, mchana, watu wanaona, si kwa wizi. Nikae alipokuwa akikaa yeye. Halafu basi."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu na ndoo yangu, fungu begani, nikasema mimi ni msuka viti, nimekiona kile kiti, kazi ya siku moja, sitaki malipo. Alinitazama juu ya miwani. Akataka kuona mikono yangu, akaigeuza kama daftari la mwanafunzi mchafu. Kisha akawapigia simu maofisa. Wakamwambia kama fundi yupo hapo hapo ni afadhali, maana hata gari lenyewe bovu.

Nikakaa barazani upande wa jikoni, chini ya lile dirisha lililokuwa likikua. Nililoweka henzerani, nikaanza kukata nyuzi zilizopasuka. Shemeji akafagia mahali palipokuwa pasafi. Kila uzi nilioukata aliuokota akautia mfukoni mwa aproni.

"Za nini hizo?" aliuliza Mwalimu.

"Za kuwashia jiko, Mwalimu."

Mwalimu aliketi kwenye ngazi anatazama. Saa nzima hakusema, jambo ambalo nadhani lilimgharimu. Mwishoni akauliza, "Kushoto hutagusa?"

"Kushoto kuzima. Aliyeusuka upande huo alikuwa hodari."

Shemeji akakohoa kuficha kicheko.

Nilisuka kulia peke yake, moja moja, nikiunganisha na nyuzi za zamani katikati. Fundi mzuri haweki kiraka kwenye kikalio, anang'oa chote; nilijua kwamba mwenye kujua kazi akikiona atanicheka. Ilipofika mchana nilifunga fundo la mwisho nikalikata kwa meno. Kiti kilikuwa kimekamilika, kimelowa.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu. Kikalio kibichi hakikaliwi. Unakiacha kivulini siku mbili, kikikauka kinajikaza chenyewe. Mtu akikikalia kingali na maji kinabonyea, na akiinuka kinakaukia vile vile, kinabaki na umbo lake mpaka siku kitakapotupwa. Hilo hata anayejifunza siku ya kwanza analijua. Kwa miaka hamsini na zaidi nimewafukuza watoto, paka na mabwana harusi kwenye vikalio vibichi.

Nikapangusa mikono nikasema, "Sasa bado kitu kimoja. Lazima mtu akikalie mpaka kikauke, ili kikae sawa. Mtu mwepesi." Nikajifanya natafuta kwa macho. "Huyu mama anafaa."

Shemeji akasimama na ufagio wake. Mwalimu akavaa miwani yake. Alinitazama mimi, akamtazama shemeji, akakitazama kiti, kushoto kwake na kulia kwake.

"Baba yangu alikuwa na viti kama hivi," alisema polepole. "Fundi akishaondoka alikuwa akitupiga tukivikaribia kabla havijakauka."

Nikatazama ndoo yangu.

"Lakini labda mafundi wanatofautiana," akasema.

"Wanatofautiana, Mwalimu."

Akainuka, akajifuta vumbi, akaenda mbele. Tukasikia geti linafungwa, na yeye akiwaambia watu nje kwamba leo mchana hakuna kuingia, kuna kazi ya kitaalamu inaendelea.

Shemeji alivua aproni kwanza, akaikunja, akaiweka juu ya ufagio. Akaketi taratibu, mkono mmoja hapa, mkono mmoja pale. Alikaa upande wa kulia, kwenye nyuzi mpya. Kushoto hakuelemea. Alikaa kama mtu aliye kwenye benchi ambaye mwenzake ameinuka kidogo na anarudi.

Mimi nilikaa sakafuni, nikaegemea ukuta. Alinionyesha kioo cha dirisha, kona ya chini, ambapo mdogo wangu alikuwa ameacha alama ya kidole kwenye gundi ya kioo; shemeji hakuwa akipaosha sana pale. Akaniambia kwamba jioni mwandishi alikuwa akimsomea mdogo wangu alichoandika mchana, na mdogo wangu akisinzia mwandishi anajua ukurasa ni mbaya, anauchana. Nikamwambia basi kuna vitabu vingi alivyotuepusha navyo.

Baadaye alijisogeza, akakunja uso.

"Huu mgongo unachoma," akasema.

"Ubao gani?"

"Huu hapa. Unachoma kabisa." Akapeleka mkono nyuma akaupapasa. "Kumbe kiti chenyewe kibaya. Mimi sikuwahi kukikalia zaidi ya dakika mbili, kilikuwa chake. Miaka sita, asubuhi mpaka jioni, na hakuniambia. Kila nikimuuliza anasema anakaa kama waziri."

Akalia basi. Hakulia kwa sauti, mikono imeshika mikono ya kiti, machozi yanashuka na yeye hayapangusi, yeye ambaye maisha yake yote kazi yake ni kupangusa. Mimi nilikuwa nimeusikia ule ubao siku ile ya kwanza. Nilisema nitaupiga randa nikija kukaza, baada ya miezi mitatu.

Alikaa mpaka jua lilipoacha baraza. Alipoinuka, kikalio kilikuwa kimebonyea kulia, shimo dogo, jembamba. Tukakirudisha chumba cha mbele, yeye mwenyewe akafunga kamba nyekundu.

Safari hii sikuondoka. Nilipata chumba mtaa wa nyuma, nikasuka viti vya watu wa karibu, na kila asubuhi nilipitia na ndoo, naigonga kwa makusudi kwenye ukuta wa jikoni ili ajue si muuza maziwa. Aliishi wiki saba. Tulipokwenda kupanga chumba chake, mimi na Mwalimu, tulikuta zile nyuzi chini ya mto, zimefungwa kwa kamba ya aproni. Mwalimu hakuuliza za nini. Aliniachia mimi nizichukue, na nikamwekea mwenyewe alipolala, kabla ya udongo.

Mwezi uliopita niliingia tena kwenye ile nyumba. Wazee hawalipi. Mwalimu alikuwa na wageni, akiwapeleka kutoka miwani hadi mwavuli hadi mashine isiyo na utepe. Walipofika kwenye kamba nyekundu nilisubiri nisikie habari ya mkono wa kushoto. Hakuisema. Alisimama kidogo, fimbo ameishika kwa mikono miwili.

"Na hiki," alisema, "ni kiti cha nyumba hii."

Dada mmoja akainama kutazama. "Mbona hapa kulia kimebonyea?"

Mwalimu akageuza kichwa, akanitafuta nyuma ya watu.

"Ni fundi," nikajibu. "Alikosea kazi."